Kuhusu hicho chuma cha mgongo wa mama

Shosti wangu,

Kwanza shikamoo yangu mfikishie mama, mwambie namuombea. Voisi yako nimeisikiliza yote na nikaona hii siwezi kuijibu juu juu kwenye simu, ngoja nikae nikuandikie vizuri, maana umeniuliza kitu ambacho ndo kazi yangu ya kila siku hapa Tuttlingen, Ujerumani. Unasema mnaogopa hicho chuma atakachowekewa kwenye operesheni ndo kitamshikilia mama mgongo mpaka mwisho wa maisha yake, na siku kikilegea itakuwaje. Sikia, chuma kinashika kwa miezi tu. Kinachokuja kushika miaka yote ni mfupa wake mwenyewe, na sisi tunaochora hivi vifaa kazi yetu kubwa ni kuuachia huo mfupa nafasi uote upite katikati.

Yaani iko hivi, daktari anatoa ile diski iliyochakaa, yaani ule mto laini ulio kati ya pingili mbili za mgongo, anakwangua pale juu na chini mpaka panatoka damu kidogo maana mfupa bila damu hauoti, alafu anaingiza kidude tunachokiita keji na kwa nyuma anafunga skrubu na vyuma vyembamba ili pingili zisicheze. Ninayo moja hapa mezani saa hii, urefu wake kama sentimita 3 hivi, kimo milimita 10, juu na chini ina vimeno vidogo vya kung'ang'ania mfupa na katikati iko wazi kabisa. Hapo pa wazi ndo pa muhimu kuliko chuma chenyewe, panajazwa vipande vya mfupa, mara nyingi wa mgonjwa mwenyewe, na baada ya muda mfupa wa juu na wa chini unakutana humo ndani, pingili mbili zinakuwa mfupa mmoja.

Na unajua hii kitu ilianzia kwa farasi? Mi napenda sana hii stori. Kuna daktari wa mifupa Marekani aliitwa George Bagby, wa Spokane, miaka ya 70 mwishoni akawa anashirikiana na madaktari wa wanyama wa chuo kikuu cha Washington State, kuna farasi walikuwa wanayumba wakitembea kwasababu pingili za shingo zinabana uti wa mgongo. Kabla ya hapo ilibidi ukate kipande cha mfupa sehemu nyingine ukapachike shingoni na hilo jeraha la pili lilikuwa linaleta maumivu yake. Bagby akatengeneza silinda ya chuma yenye matundu matundu, tundu analotoboa kwenye mfupa analifanya dogo kidogo kuliko silinda ili ikiingia ibane, na ule unga wa mfupa uliotoka kwenye kutoboa hautupi, anaurudisha humo humo ndani! Mfupa ukawa unaota unapenya kwenye matundu. Seattle Slew, yule farasi wa mbio aliyebeba mataji yote matatu makubwa ya Marekani 1977, alifanyiwa operesheni ya namna hii mwaka 2000 akiwa mzee wa miaka 26, akarudi kwenye kazi yake ya kuzalisha. Kwa binadamu serikali ya Marekani iliruhusu keji iliyotokana na wazo hilo mwaka 1996, na hizi tunazochora leo bado zinafuata wazo lile lile.

Sasa shida yetu sisi wachoraji ni hii, chuma kikiwa kigumu sana kinabeba mzigo wote na mfupa unakaa bure. Mjerumani mmoja daktari Julius Wolff aliandika 1892 kwamba mfupa unajijenga kwa kufuata mzigo unaoubeba, usipobebeshwa unapungua. Na titaniamu, ndo chuma chenyewe cha hizi keji, ni ngumu kupinda karibu mara 6 kuliko hata ule mfupa mgumu wa nje. Ndo watu wakahamia kwenye plastiki inaitwa PEEK, hiyo inapinda kiasi, na kwenye eksirei haionekani kwahiyo daktari anaona mfupa unavyoota, ila mfupa hauipendi, hauishiki, unaota pembeni yake tu. Titaniamu mfupa unaishika kweli kweli. Kwahiyo siku hizi tunaprinti titaniamu kwa unga, leza inayeyusha tabaka moja baada ya lingine, na tunaijaza vitundu vya kama nusu milimita kila upande, chuma kinapungua ugumu kidogo na mfupa unapata pa kupenya, na mimi naona hii ndo njia sahihi japo kuchora vile vitundu kunachosha macho sana.

Alafu kuna kuzama. Kwa mama zetu hili ndo linaniumiza kichwa zaidi, maana mwanamke akishakoma hedhi mifupa inakonda, ukimwekea keji nyembamba inazama kwenye pingili kama mguu wa kitanda kwenye mchanga. Pingili ni laini katikati na ngumu ukingoni, hasa pembeni kuelekea nyuma, kwahiyo keji pana inayokanyaga ukingo inafaa zaidi, ila pana nayo haiingiliki kirahisi kwa nyuma bila kusogeza mishipa ya fahamu, na hapo daktari ndo anaamua apitie wapi. Muulizeni kama mama apimwe uimara wa mifupa kabla, ni swali la haki kabisa, asiwatishe mtu.

Kuhusu kuvunjika usiogope. Kabla keji haijauzwa inawekwa kwenye mashine inabonyezwa mara milioni 5, ukiibonyeza mara 5 kwa sekunde ni siku 11 na nusu usiku na mchana bila kusimama, na mi asubuhi nikifika kitu cha kwanza naenda kuangalia kama bado inapiga.

Ila shosti kuna moja lazima mlifanye nyie huko, chuma hakiwezi kulifanya. Ugoro. Najua mama ananusa toka tukiwa wadogo, na nikotini inabana mishipa midogo ya damu, mfupa unakosa damu, pingili zinagoma kuungana. Aache kabla ya operesheni na asirudie mpaka daktari aseme zimeungana, na mwambieni daktari ukweli kwamba anatumia, asione aibu. Na zile dawa za maumivu anazonunua duka la dawa, diklofenaki na wenzake, msimpe tena baada ya upasuaji mpaka daktari akubali, kuna wasiwasi zinachelewesha mfupa.

Kuungana kunachukua miezi, mara nyingi kuanzia 6 mpaka mwaka mzima, na maumivu yanaweza kupungua mapema kabla mfupa haujakomaa kwahiyo akijisikia vizuri msimuachie ainue ndoo wala ainame kwenye mafiga. Kutembea atembee, tena kila siku kama alivyoelekezwa.

Wakishawaambia aina ya keji na saizi nitumie picha ya karatasi au hata ya boksi, na ile eksirei ya baada pia, nikueleze kila unachokiona humo. Nipigie jumapili jioni nitakuwa nyumbani, tuongee na mama mwenyewe.

Wako wa siku zote