Tukitoka kusoma nje, krediti zetu zisikataliwe mezani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongelee hii ishu ya kwenda kusoma nje semista moja kwa programu za kubadilishana wanafunzi. Kila nikiona tangazo limebandikwa ubaoni na vijana wamelizunguka wanalipiga picha na simu, natamani niwaite pembeni niwaambie jambo moja tu kabla hawajaanza kuhangaika na viza.

Mi nilienda. Nilikaa miezi mitano kwenye chuo kimoja cha Ulaya kupitia Erasmus+, ile programu iliyoanza mwaka 1987 na nchi 11 tu za huko huko, siku hizi inachukua mpaka wanafunzi wa vyuo vya nje ya Ulaya ambavyo vimesaini makubaliano na vya kule. Ada ya chuo kinachokupokea hulipi, posho ya kujikimu unapewa. Na nilisoma jamani, sikwenda kutembea. Semista nzima kule ni krediti 30, yaani vipimo vya uzito wa kozi, krediti moja inahesabiwa masaa 25 mpaka 30 ya kazi, kwa hiyo kozi ya krediti 6 ni masaa 150 kwenda juu ukijumlisha darasani, maktaba na zile ripoti za kukesha. Nilichukua kozi tano nikafaulu zote.

Narudi, napeleka transkripti, ile karatasi ya kozi na matokeo yangu ya kule, kwa mkuu wa idara. Akaiweka mezani akawa anashuka nayo kwa kidole, mstari kwa mstari, kidole kikasimama kwenye kozi ya tatu. "Hii siyo ya kwetu." Kule inaitwa Uchambuzi wa Data, kwetu inaitwa Takwimu, mada karibu zote zilezile, nikamsogezea silabasi wala hakuifungua. Kozi mbili zikakataliwa hivyo, na kwa kuwa kwetu zinafundishwa mara moja kwa mwaka ikabidi nisubiri, wenzangu wakahitimu mi nimebaki nasoma na wadogo zangu vitu ambavyo nilishavifanyia mtihani nikafaulu. Iliniuma sana na bado inaniuma.

Baadaye ndo nikaja kuelewa pa kukamata. Kabla hujaondoka kuna mkataba wa masomo, unasainiwa na watu watatu, wewe, chuo chako na chuo unachoenda, na unaandikwa kozi gani ya kule inasimama badala ya kozi gani ya kwako. Wangu ulisainiwa vizuri tu. Shida ni kwamba nilipofika kule kozi mbili ziligongana kwenye ratiba, mratibu wa kule akanibadilishia palepale, mi nikaona yameisha. Kumbe mkataba una sehemu yake ya mabadiliko, inajazwa wiki za mwanzo za semista na inatakiwa saini zote tatu tena! Hakuna aliyenieleza, wala kule wala kwetu.

Sasa ndugu zangu wa vyuo, mnaposaini makubaliano ya Erasmus+ suala la kutambua krediti liko ndani yake, siyo hisani ya mkuu wa idara siku mtoto anarudi amechoka na mabegi. Mtu akishasaini asirudi nyuma. Mabadiliko yakija kwa imeili yajibiwe ndani ya siku chache maana huko mwanafunzi anasubiri huku madarasa yameshaanza, na kozi ipimwe kwa mada zake na masaa yake, siyo kwa jina. Ofisi ya kimataifa nayo isiishie kwenye barua ya viza na bima, impe mwanafunzi mtu mmoja wa idara yake anayejua kozi alizochukua, basi.

Na ninyi mnaoenda, nendeni, mi hata leo ningerudi. Ila silabasi zote zihifadhi kwenye kompyuta yako mwenyewe, akaunti ya chuo cha kule inaweza kufungwa ukishaondoka, na usikubali jibu la mdomo kutoka kwa yeyote.

Naandika leo kwa sababu kuna mdogo wangu wa mwaka wa pili anaondoka semista ijayo, juzi kanionyesha mkataba wake, pale pa saini ya idara bado peupe. Tiketi kashakata.

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho

(Jina na anwani nimemwachia mhariri)