Kurasa tano, GB 50 za nini?

Wiki iliyopita fundi mmoja wa samani wa Keko, Dar es Salaam, alinitumia WhatsApp picha ya jedwali la bei la kampuni ya kuhosti tovuti, yaani kuitunza kwenye seva ili watu waifungue mtandaoni. Vifurushi vitatu: kidogo, cha kati, kikubwa. Cha kati kimezungushiwa rangi ya chungwa na kupewa utepe wa "kinachopendwa zaidi". Chini yake kaandika: "Kaka, nichukue hiki cha GB 50 nisije nikaishiwa?"

Nikamwambia anitumie kwanza hiyo tovuti yenyewe. Kurasa tano: mwanzo, samani, bei, kuhusu sisi, mawasiliano. Picha 24 za makochi, vitanda na makabati. Folda nzima MB 112, na uzito karibu wote ni wa picha, kila moja MB 4 na ushee, vilevile zilivyotoka kwenye simu. Tukazipunguza upana hadi pikseli 1,600, tukazigeuza kuwa WebP (aina ya faili la picha iliyo nyepesi), folda ikashuka chini ya MB 5. Makochi bado yanang'aa, hata nyuzi za kitambaa zinaonekana. Kwenye GB 50 tovuti kama hiyo inaingia mara elfu kumi.

Na matumizi ya data? Tuseme anapata wageni 2,000 kwa mwezi, na kila mmoja anafungua kila ukurasa na kila picha. Hiyo ni GB 10. Kwa duka la Keko, mwezi wa namna hiyo ni sherehe.

Tovuti yake ni tuli: mafaili ya HTML (kurasa zenyewe), CSS (mwonekano wake) na picha, basi. Mgeni akija, seva inachukua faili na kumkabidhi. Hakuna hifadhidata, hakuna WordPress, ile programu ya kuendeshea tovuti, ya kupika ukurasa upya kila anayebisha hodi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile jedwali lile linachouza (hifadhidata 20, PHP ya karibuni, ile lugha inayoendesha WordPress, kisakinishi cha WordPress) hataigusa kamwe. Cheti cha SSL, kinachofanya anwani ya tovuti ianze na https, nacho wengine bado wanakiuza kivyake, wakati Let's Encrypt wanakitoa bure kwa kila mtu tangu 2015. Ukiona kimepangiwa bei yake kwenye ankara ya tovuti ya kurasa tano, uliza kwa nini.

Tovuti tuli inaweza kukaa bure kabisa, na kihalali. Ila soma masharti. GitHub Pages wanakupa nafasi ya GB 1 na kama GB 100 za data kwa mwezi, lakini hawataki itumike kuendeshea biashara ya mtandaoni. Kifurushi cha bure cha Vercel nacho ni cha matumizi binafsi yasiyo ya kibiashara. Kwa wateja wetu tunapendelea Cloudflare Pages: data haina kikomo kwa mafaili tuli, kila faili lisizidi MB 25, na wana seva zao Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, kwa hiyo mara nyingi mgeni wa Temeke hapelekwi Ulaya kufuata picha ya kabati.

Sasa mbona sisi wenyewe tunauza hosti ya kulipia?

Barua pepe. Hapo ndipo watu wanapoumia. Hosti hizi za bure hazikupi sanduku la info@ lenye jina la duka lako. Ukitaka sanduku la kupokea na kujibu, utalilipia mahali, na mara nyingi kifurushi kidogo kabisa cha hosti ya kawaida ndicho kinacholitoa kwa bei nafuu. Unaweza kuacha barua pepe huku na tovuti ikakaa kule. Lakini ukihamisha domeni, yaani jina la tovuti yako, hakikisha rekodi za MX, zile zinazoelekeza barua pepe ziende seva gani, zimehama nazo. Mimi nilisahau mara moja, kwa mteja wa utalii, siku ya Ijumaa. Hadi Jumatatu hakuna barua hata moja iliyokuwa imeingia, na tovuti yenyewe ilikuwa inapepea vizuri tu. Sikulala vizuri wiki ile.

Jambo la pili ni bei ya mwaka wa pili. Ile namba kubwa kwenye jedwali mara nyingi ni ya mwaka wa kwanza. Ya kuhuisha imeandikwa chini kwa herufi za sisimizi, na inaweza kuwa mara mbili au tatu. Linganisha jumla ya miaka mitatu, domeni ikiwemo. Ukilipa kwa dola angalia pia kama unayo kadi. Kampuni za hapa nyumbani zinapokea M-Pesa, na kwa wengi hilo pekee linamaliza mjadala.

Na domeni iandikishwe kwa jina lako, kwa barua pepe yako. Za .tz zinasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kupitia mawakala waliosajiliwa, na aliyeandikwa kuwa mmiliki ndiye atakayesikilizwa. Kijana aliyekutengenezea tovuti akibadilisha namba ya simu, wewe usibaki unamtafuta kwa shangazi zake. Hili linatuhusu na sisi: tukikusajilia, jina ni lako.

Fundi wa Keko hatimaye kachukua .co.tz yake na kifurushi kidogo kabisa kwa ajili ya barua pepe. Tovuti iko Cloudflare Pages. Fomu ya mawasiliano tumeitoa, tukaweka kitufe cha WhatsApp, maana wateja wake wote wanaishia huko. Kilichobaki ni picha ya kabati la milango minne: aliipiga usiku, na taa ya bomba inaonekana kwenye kioo.

Nawe ukiwa na jedwali la bei linakuchanganya, litume WhatsApp pamoja na folda ya tovuti. Kupima ukubwa na kukwambia kinachokutosha hatutozi.