Bomba linagusa sinki lakini halijaungana: tunavyotafuta mikatiko ndani ya modeli

Hivi karibuni alitujia mteja anayejenga nyumba ya wageni ya ghorofa tatu upande wa Moshono, Arusha. Modeli yake ya mabomba, yaani mchoro wa kompyuta unaoonyesha umbo zima, ilichorwa kwingine kwa Revit, programu ya kuchorea majengo, na ukiitazama inapendeza: tangi liko juu ya mnara, bomba kuu linashuka, kila bafu lina sinki na choo chake. Kilichomleta ni orodha ya vifaa iliyotolewa kwenye modeli hiyo. Fundi bomba wake, mzee wa kazi, aliisoma mara moja akamwambia, "Elbo hizi hazitoshi hata ghorofa moja."

Fundi alikuwa sahihi. Tulipoifungua tulikuta zaidi ya sehemu 30 ambako bomba limefika mahali pake lakini halijaungana na chochote. Elbo, yaani kiungio cha kona, ambayo haipo ndani ya modeli haihesabiwi, na isiyohesabiwa hainunuliwi, hadi siku fundi anaposimama juu ya ngazi hana cha kufunga.

Kwa kuwa wateja wengi wanatuletea tatizo hilihili, tueleze linavyotokea.

Programu za aina hii hazitazami kama sisi. Kila kifaa kina mdomo wa kuunganishia. Sinki, kwa mfano, lina mdomo wa maji baridi, wa maji moto na wa maji taka, na kila mdomo una kipenyo chake na aina yake ya maji. Bomba likishika mdomo, programu inajua kwamba maji yanapita. Likiishia milimita 5 kabla ya mdomo, kwa programu hivyo ni vitu viwili visivyojuana. Na kwenye ramani iliyochapishwa kwa kipimo cha 1:100, milimita 5 hizo zinakuwa 0.05. Hakuna jicho la kuliona pengo hilo.

Hasara haiishii kwenye elbo. Programu hujumlisha matumizi ya kila sinki, bafu na choo kuelekea bomba kuu, kisha hesabu hiyo ndiyo inayopangia ukubwa wa bomba. Bafu lililokatika halijumlishwi, hivyo bomba kuu linaonekana linatosha likiwa jembamba kuliko inavyotakiwa. Hapa kwetu jambo hili linauma zaidi kwa sababu nyumba nyingi hutegemea tangi la juu bila pampu. Kila mita 10 za kimo hutoa msukumo wa takriban bar 1. Bafu la ghorofa ya juu lililo mita 3 tu chini ya maji ya tangi linapata kama bar 0.3. Kwa msukumo mdogo hivyo, bomba likipunguzwa saizi moja mgeni anaoga kwa matone.

Sasa, tunaanzia wapi? Tunaweka kishale juu ya bomba karibu na tangi na kubonyeza Tab mara kadhaa. Mara ya kwanza linawaka bomba moja, kisha tawi, kisha mtandao wote ulioungana. Pale mwanga unapoishia ndipo palipokatika. Halafu tunawasha kitufe kilichoandikwa Show Disconnects, kwenye sehemu ya uchambuzi, na kila mdomo ulio wazi unapata alama ya onyo. Mwisho tunabonyeza F9, orodha ya mifumo inafunguka, tunatazama vifaa ambavyo havijapangiwa mfumo wowote. Modeli ya yule mteja ilikuwa na mfumo wa maji baridi uliogawanyika vipande saba, na kila kipande kina jina lake.

Kuona alama ni rahisi. Kujua kwa nini zimekuja ndiko kunakochukua siku.

Sababu tunayokutana nayo zaidi ni mteremko. Mchoraji anachora bomba la maji taka la inchi 4 likiwa limelala sawa, anaunganisha vyoo vyote, kisha anakumbuka mteremko. Bomba la mita 8 likipewa mteremko wa 1 kwa 50, mwisho wake unashuka milimita 160, na matawi yote yanapaswa kushuka nalo. Nafasi ya kiungio ikikosekana, programu inatoa onyo na kupendekeza kukata muunganiko. Mtu mwenye haraka anakubali, kazi inaendelea, na kwa juu kila kitu kinaonekana kilekile. Ndiyo maana hatukagui kwa ramani ya juu peke yake. Tunakata sehemu ya mkato, yaani tunaitazama modeli kwa ubavu, na hapo unaona bomba moja liko kimo cha milimita 2,700 na jingine 2,712.

Sababu ya pili huwashangaza wateja. Msanifu anaweka masinki na vyoo ndani ya faili lake, mhandisi analiunganisha faili hilo na la kwake, kisha anavuta mabomba hadi kwenye sinki la msanifu. Bomba haliwezi kushika mdomo wa kifaa kilicho ndani ya faili lililounganishwa, hata ulisogeze vipi. Vifaa hivyo lazima vinakiliwe kwenye faili la mabomba, na Revit ina zana ya kunakili na kufuatilia, ili msanifu akisogeza sinki mhandisi apate taarifa. Kwa yule mteja wa Moshono, zaidi ya nusu ya alama zilitokana na hili.

Kuna pia vifaa vilivyopakuliwa mtandaoni ambavyo ni umbo tu, havina mdomo hata mmoja. Tunaviongezea au tunavibadilisha. Wakati mwingine bomba la milimita 20 linakutana na mdomo wa 15 na redusa, kiungio cha kupunguza kipenyo, haijawekwa kwenye mipangilio ya bomba hilo, basi programu inakataa. Nyaya na mifereji ya hewa hukaguliwa kwa njia ileile.

Si kila alama ni kosa. Tawi lililoachwa kwa ajili ya bafu la baadaye linatakiwa kubaki, ila tunalifunga kwa kifuniko ndani ya modeli, nacho kihesabiwe kwenye orodha. Tunaomba sana usimruhusu mtu azime alama tu ili modeli ionekane safi. Kazi ya kutindua zege kutafuta pa kupitisha bomba inamwangukia mwenye nyumba.

Ukituletea modeli, njoo na faili la msanifu pia, maana bila hilo hatuoni masinki yalipo. Tutajie na toleo la programu: faili lililohifadhiwa kwenye Revit 2024 halifunguki kwenye 2022. Na kama kuna fundi bomba ambaye tayari ameiona orodha yako akaitilia shaka, njoo naye. Yule mzee alikaa nasi mchana mzima, akatuonyesha mahali pawili ambapo mabomba yalikuwa yameungana vizuri kwenye kompyuta lakini mkono wa mtu na spana visingefika.