Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Kaunti ya Kisumu: Kipimo cha Widal kiondolewe kwenye fomu

Mheshimiwa Waziri,

Mgonjwa mwenye homa akifika kituo cha afya huku kwetu, mara nyingi huagiziwa vipimo viwili kwa pamoja: malaria na Widal, kipimo cha damu cha taifodi. Sisi tunaofanya kazi ya maabara na matibabu tunakuomba hicho cha pili kikome kuagizwa kwa mazoea.

Widal imekuwepo tangu 1896. Haitafuti bakteria wa taifodi bali kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na maambukizi, na kingamwili hubaki mwilini miezi mingi baada ya mtu kupona. Malaria nayo yaweza kulifanya jibu lionekane chanya. Kwa hiyo jibu la 1:160 (kingamwili bado zinaonekana seramu, yaani majimaji ya damu, ikizimuliwa mara 160) lililosomwa mara moja, katika ukanda wa ziwa, haithibitishi kitu. Utaratibu wenyewe unataka damu itolewe mara mbili, siku 10 hadi 14 zikipita katikati, na kiwango kiwe kimepanda mara nne. Nani hurudi kutoa ya pili? Halafu kuna kioo chenyewe cha kupimia: tone la seramu na tone la antijeni (bakteria wa taifodi waliouawa) huchanganywa juu yake na kusomwa ndani ya dakika moja. Foleni ikiwa ndefu na fundi akichelewa, mchanganyiko huanza kukauka kingoni na kufanya chembechembe, naye huandika chanya.

Mgonjwa huenda nyumbani na antibiotiki, sindano za seftriaksoni au vidonge vya siprofloksasini, huku kilichomletea homa hakijaguswa. Taifodi sugu kwa antibiotiki za kloramfenikoli, ampisilini na kotrimoksazoli imeenea Kenya kwa miaka mingi. Dawa zilizobaki hazifai kuchezewa.

Waraka peke yake hautatosha, wala warsha ya hotelini (posho hulipwa, Jumatatu mambo ni yaleyale). Mapitio ya 2012 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yaliyokusanya tafiti 140, yaliangalia kinachotokea wahudumu wanapokaguliwa na kuonyeshwa matokeo yao. Utendaji ulipanda kwa takriban asilimia 4.3 tu. Ila ulipanda zaidi pale matokeo yalipoletwa na msimamizi au mwenzao, zaidi ya mara moja, kwa mdomo na kwa maandishi, yakiwa na lengo na mpango wa kulifikia.

Basi kisanduku cha Widal kitolewe kwenye fomu ya maabara. Anayeitaka aandike sababu kwa mkono. Kila mwezi msimamizi ahesabu kwenye rejista ni Widal ngapi zilifanywa na ni wangapi walipewa antibiotiki ilhali malaria ni hasi, kisha aketi na wahusika.

Daktari naye apewe njia nyingine, la sivyo mgonjwa atatumwa maabara ya nje. Malaria ikiwa hasi, akague kifua, masikio, koo na mkojo. Homa ikizidi siku tatu bila chanzo, damu ioteshwe, yaani iwekwe kwenye chupa ya maabara ili bakteria waliomo wakue na kutambuliwa: mililita 8 hadi 10 kwa mtu mzima, kabla ya antibiotiki, na chupa isiwekwe kwenye friji ikisubiri gari. Hata kuotesha hukosa wagonjwa wengi, kwa hiyo jibu hasi lisimzuie daktari kutibu mgonjwa mwenye dalili nzito.

Tuliseme na la pesa: Widal hulipiwa, na kituo kinachoitegemea kitapinga. Pengo hilo lihesabiwe kwenye bajeti mapema. Fomu mpya nayo itoke kabla ya oda ijayo ya vifaa vya maabara, kwa sababu kemikali zikishanunuliwa, zitatumika.

Wako katika huduma,
Wahudumu wa maabara na matibabu, Kisumu