Shukrani kwa Mzee wa Pikapu, Hifadhi ya Badlands

Kwa niaba yangu na ya rafiki yangu, natoa shukrani za dhati kwa mzee ambaye hakututajia jina lake, aliyetusaidia Julai hii kwenye barabara namba 240, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Badlands, jimbo la South Dakota, Marekani. Tulikuwa tumeziacha mbuga za nyasi na kuingia kati ya majabali yaliyochongwa na mvua, ndipo mpira wa rejeta ya gari letu, yaani bomba la maji yanayopoza injini, ulipopasuka, na simu hazikushika mtandao.

Alisimama nyuma yetu, akawasha taa za tahadhari, akatupa maji ya kunywa kabla ya kuuliza lolote. Alisubiri injini ipoe, kwa kuwa kifuniko cha rejeta kikifunguliwa mapema mvuke humbabua mtu; kisha akakata ncha iliyopasuka, akaurudishia mpira uliobaki, akaukaza kwa bisibisi na kujaza maji. Alitufuata polepole hadi mji wa Wall, akahakikisha fundi ametupokea, na fedha akazikataa katakata.

Ndugu msomaji, ukipita huko wakati wa kiangazi, beba maji ya ziada, yako na ya utakayemkuta amekwama.