Barua ya kufunga muhula: baridi ya Kolo, na masweta

Wazazi na walezi wetu, habari za majukumu. Muhula ndo umeisha, ripoti watoto wanazo kwahiyo sitazirudia humu, mwenye swali aje ofisini tuongee. Za ada mnazijua wenyewe.

Mimi nataka niwasimulie ile safari ya Kondoa. Tulipanda Mongomi wa Kolo kuona michoro ya miambani, ile waliyoiingiza UNESCO kwenye urithi wa dunia 2006, na kiukweli kipupwe kilitukuta kulekule juu, upepo mkali alafu mkavu, watoto wamejikunyata kama kuku walionyeshewa. Sasa tunashuka, jua linazama, dereva anapiga honi huko chini tuwahi, watoto wakasimama. Hakuna aliyewaambia. Kimya kabisa, kisha kwa mbali ikasikika kengele ya ng'ombe, mara moja tu, upepo ukaendelea.

Hapohapo likanijia shairi la Robert Frost, Mmarekani, la yule msafiri aliyesimama jioni kuangalia theluji inavyojaza msitu, na farasi wake anatikisa kengele kama anauliza bosi vipi, mbona tunasimama pasipo hata nyumba? Nalipenda toka niko kidato cha tatu, na theluji yenyewe mpaka leo naijua ya kwenye friji tu. Nikawaghania pale kwa kichwa, beti 4, mishororo 16, wa mwisho anaurudia mara mbili kwamba bado ana maili za kwenda kabla hajalala. Wa Kiswahili wakadaka vina haraka, kwamba kina cha mshororo wa tatu ndo kinabebwa na ubeti unaofuata (nilifurahi, sitaficha). Na alilitunga Juni 1922, kwao Juni ni joto, ila sisi ndo tunatetemeka! Kuna mmoja akauliza, "Mwalimu, kwahiyo farasi wetu ni dereva?" Tukacheka, honi ikalia tena, tukashuka.

Shairi wamelinakili kwenye madaftari. Likizo hii jioni moja zima tivii umwambie akughanie, asipolimaliza usimchape, sio mtihani.

Julai wakirudi waje na masweta, upepo wa Dodoma mnaujua. Matatu yameokotwa kwenye basi, yako ofisini kwangu, moja limetoboka kiwiko na lina karanga mfukoni.

Mwalimu Mkuu