Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Spika: Bunge likinyamaza, Rais ataambiwa na nani?

Mheshimiwa Spika,

Shikamoo, na pole na majukumu. Mi sina cheo wala siandiki kwa niaba ya chama chochote, ni mpiga kura tu ninayefuatilia vikao vya Bunge, na kuna jambo linanikera muda mrefu nikaona bora nikwambie wewe moja kwa moja maana wewe ndo umekalia kile kiti.

Ibara ya 63 ya Katiba yetu ya Tanzania inasema Bunge ndo chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Maneno mazito hayo. Ila ukiendelea kusoma unakutana na ibara ya 90, Rais anaweza kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali, halafu ya 97, kwamba Rais akikataa muswada na wabunge wakaurudisha kwa theluthi mbili ndani ya miezi sita basi ana siku 21, ama asaini ama avunje Bunge. Sawa, Bunge likivunjwa na kiti cha Rais nacho kinakuwa wazi, lakini hivi kweli nani ana hofu zaidi ya kurudi kwa wapiga kura, Rais mwenye chama kizima nyuma yake au mbunge wa jimbo la mbali? Na kura ya bajeti yenyewe inapigwa kwa kuitwa majina, mmoja mmoja anajibu ndiyo au hapana nchi nzima inasikia, na Katibu wa Bunge anayesimamia hiyo orodha ni mteule wa Rais kwa mujibu wa ibara ya 87.

Lakini kiukweli mi naona kinachowafunga mdomo wabunge sio Ikulu, ni chama. Mbunge akivuliwa uanachama anapoteza ubunge, ibara ya 71 hiyo, na hawezi kurudi kama mgombea binafsi kwa sababu lazima upitie chama, pamoja na kwamba Mahakama ya Afrika ilishaamua mwaka 2013 kwenye kesi ya Mchungaji Mtikila kuwa katazo hilo linavunja haki. Sasa mwenyekiti wa chama tawala ni nani? Ni huyo huyo Rais. Anayeteua mawaziri kutoka humo humo bungeni ndo anayeongoza vikao vinavyokata majina ya wagombea, kwa hiyo mbunge anayetaka uwaziri anamtazama yeye na mbunge anayetaka tu kurudi anamtazama yeye. Na sio kwamba haiwezekani kuwa vingine, kuanzia 1985 mpaka 1990 Mzee Mwinyi alikuwa Rais na Mwalimu Nyerere alibaki mwenyekiti wa CCM, kofia mbili vichwa viwili, na nchi ilikwenda.

Wewe mwenyewe unajua yaliyompata marehemu Job Ndugai alipokuwa Spika. Desemba 2021 alikosoa mikopo ya Serikali na deni la taifa, akaja kuomba radhi hadharani, na tarehe 6 Januari 2022 akatangaza kujiuzulu, tena barua akasema amempelekea Katibu Mkuu wa CCM. Yaani mkuu wa mhimili mzima wa dola anaaga kwa kuandikia chama! Sikubaliani na mengi aliyoyafanya kwenye kiti, likiwemo lile la 2019 Bunge kuazimia kutofanya kazi na CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Profesa Assad kisa aliliita dhaifu, lakini siku ile kila mbunge alipata somo lake. Halafu ibara ya 71 yenyewe inang'ata kwa kuchagua, maana Bunge la 12 wale wabunge 19 wa viti maalum walifukuzwa na chama chao cha CHADEMA Novemba 2020 na wakaendelea kukaa bungeni.

Sasa kinachonifanya niandike ni hiki, anayeumia hapa sio mwananchi peke yake, hata Rais anaumia, awe Rais yeyote yule. Fikiria wanaomzunguka. Ibara ya 37 inasema halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka. Wasaidizi wake, makatibu wakuu, wakuu wa mikoa, wote anawateua na anaweza kuwatengua kwa taarifa ya mistari mitatu inayotoka Ikulu usiku, watu wanalala na cheo wanaamka hawana. Katika hali hiyo nani ataenda kumwambia mama au mzee, hapa umekosea? Wabunge wa majimbo ndo karibu watu pekee serikalini humu ambao hakuwateua yeye. Nao wakiishia kugonga meza na "naunga mkono hoja asilimia mia moja", habari mbaya zinamfikia zikiwa zimeshakuwa janga.

Na Bunge likifanya kazi Rais anasaidika, tumeona. Februari 2008 kamati teule ya Bunge ilileta ripoti ya Richmond, ile kashfa ya mkataba wa umeme wa dharura, Waziri Mkuu Lowassa akajiuzulu, Rais Kikwete akaunda baraza jipya. Aprili 2012 mbunge Zitto Kabwe akaanza kukusanya saini za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu baada ya ripoti ya CAG, mwezi uliofuata Rais akapangua mawaziri. Mwaka 2014 ikaja kashfa ya Escrow, ya fedha zilizotolewa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow. Kikwete hakupinduliwa, alimaliza miaka yake kumi.

Ninachoomba kipo ndani ya uwezo wako leo, hakihitaji Katiba mpya (japo nayo tunaitaka). Mbunge akianza kukosoa wizara wanasimama watatu, "taarifa Mheshimiwa Spika", "kuhusu utaratibu", dakika zake zinaliwa kengele inalia akiwa hajafika hata kwenye hoja. Wakatalie. Mlinde anayesema, hata kama ni wa chama chako, hasa kama ni wa chama chako. Ripoti ya CAG ikija ipe muda wa kutosha na mawaziri wajibu kwa namba, sio kwa shukrani. Chama kikiitana kupanga msimamo wa wabunge wake wewe usiwepo kwenye hicho kikao. Na mbunge akileta muswada binafsi wa kubadili ibara ya 71, angalau usiuzuie usifike mezani, uache ujadiliwe wazi na kila mmoja aitwe jina aseme yuko upande gani.

Ni mimi mpiga kura wako.